AKIBA HAIOZI: SOMO LA FILAMU YA MARAFIKI

Wahenga walisema akiba haiozi. Mimi na wenzangu watano tuliisoma methali hiyo darasani tukaipita tu. Likizo ya Agosti ilitufunza maana yake.

Tulitaka kutengeneza filamu fupi kuhusu kijana anayeuza ndizi sokoni ili apate karo. Pesa hatukuwa nazo. Tulikuwa na nauli ya kwenda Manga, kule Nyamira, na simu moja tu, tena ya kakake rafiki yetu. Tulipiga picha siku nne. Siku ya tano kaka mtu akakosa nafasi kwenye simu yake, akafuta kila kitu. Lo! Tulimlaumu rafiki yetu hadi akaacha kutusalimu.

Baadaye mwalimu mlezi alitusimulia habari za Isaac Nabwana wa Wakaliga, mtaa wa mabanda jijini Kampala. Bwana huyu aliwahi kufyatua matofali. Mwaka wa 2010 alitoa filamu ya "Who Killed Captain Alex?", ambayo inasemekana iligharimu chini ya dola 200. Waigizaji walikuwa watu wa kujitolea, na bunduki ziliundwa kwa vyuma chakavu. DVD zake ziliuzwa mlango kwa mlango. Mwaka wa 2019 filamu yake nyingine, "Crazy World", ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, Kanada. Lakini hata yeye alipoteza nakala ya asili ya "Captain Alex". Iliyobaki ni ile yenye maneno ya msimulizi VJ Emmie, mtindo ambao huku kwetu tunaujua kwa DJ Afro.

Basi, wewe unayetaka kujaribu, shika haya:

1. Andika kwanza. Chagua wahusika wachache na mahali pachache. Panga kazi kwa kufuata mahali, si mfuatano wa hadithi. Picha zote za sokoni zipigwe siku moja, ili nauli ilipwe mara moja.

2. Amka mapema. Kwetu Gusii mvua hupenda kuja alasiri. Jua la asubuhi ni taa ya bure. Mpiga picha alipe mgongo.

3. Linda sauti. Upepo wa Manga humeza maneno. Simu ya pili iwekwe karibu na mwigizaji, isionekane, irekodi sauti. Kabla ya kuanza, mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Mkija kuunganisha, oanisheni mlio wa kofi na picha ya viganja vikikutana. Maneno yatafuata midomo.

4. Kumbuka nguo. Mwigizaji akiingia mlangoni na sweta ya kijani, asitokee ndani na shati jeupe.

5. Weka nakala. Jioni ileile hamisha picha kwenye kompyuta, na nakala nyingine ikae kwa mtu mwingine. Hakikisha zinafunguka kabla ya kufuta chochote.

6. Andikianeni. Nani ataigiza, nani atashika kamera, nani atatunza nakala? Sisi tuligawana kazi zote isipokuwa hiyo ya mwisho. Ndiyo maana mambo yalipoharibika tulitafuta wa kulaumu, kumbe kosa lilikuwa letu sote.

Jumapili moja tulienda kwao rafiki yetu tukamwomba msamaha. Alinyamaza kitambo, halafu akauliza, "Sasa nakala atashika nani?" Tukajua yamekwisha. Mamake alituandalia chai, na yule kaka, amini usiamini, akakubali kutupa simu tena.

Desemba tunarudi Manga. Siku hizi tamasha la drama la shule lina nafasi ya filamu pia, na sisi tumo. Hapa natia nanga. Akiba haiozi, bora tu awepo wa kuiweka.