USIIKIMBIE FIZIKIA

Leo ningependa tuzungumze juu ya somo ambalo wengi wetu hulikimbia kama simba, yaani Fizikia. Kusema kweli, hata mimi nilikuwa karibu kulikimbia.

Kama mjuavyo, mwisho wa Kidato cha Pili tulikuwa tukichagua masomo ya kufanyia mtihani wa KCSE. Wakati huo sisi wasichana tulikuwa tukiambiana ati Fizikia ni ya wavulana, tena wale wenye bongo kali. Nilijaza fomu yangu bila Fizikia. Ilibaki tu nyanya yangu, ambaye ndiye mlezi wangu, atie sahihi.

Wiki hiyo mwalimu wetu wa Fizikia aliingia darasani bila kitabu. Alibeba redio kuukuu ya betri nne. Akaiwasha, ikaimba. Akaizima, akaitoa betri moja, akaigeuza na kuirudisha. Akaiwasha tena. Kimya! "Nani ataniambia imenyamaza kwa nini?" akauliza. Hakuna aliyejibu.

Ndipo akatueleza. Betri kavu moja ina volti 1.5. Zikipangwa kwa mstari, kichwa cha moja kikigusa kitako cha nyingine, volti hujumlishwa:

1.5 + 1.5 + 1.5 + 1.5 = 6

Moja ikigeuzwa, huzipinga zile tatu:

1.5 + 1.5 + 1.5 – 1.5 = 3

Wengi wetu tulidhani zitabaki volti 4.5. Kumbe sivyo! Redio inayotaka volti 6 imepewa nusu ya chakula chake, itaimbaje? Akaongeza kwamba umeme hupita vizuri katika chuma safi, lakini kutu huuzuia.

Jioni nilipofika nyumbani nilikumbuka redio ya nyanya. Ilikuwa imenyamaza tangu Jumapili, ingawa betri zilikuwa mpya. Nilifungua mfuniko nikakuta betri zote zimekaa sawa. Nikataka kukata tamaa. Halafu nikaona springi zimeshika kutu. Nikazisugua kwa msasa, nikarudisha betri. Redio ikasoma habari! Nyanya akacheka, akasema, "Kumbe nyumbani mwangu mna fundi!" Usiku huo niliongeza Fizikia kwenye fomu, naye akatia sahihi.

Msidhani mambo haya hufanyika shuleni kwetu tu. Mwalimu Peter Tabichi alikuwa akifundisha Hisabati na Fizikia huko Keriko, katika Kaunti ya Nakuru, shule ya kutwa kama hii yetu. Shule hiyo ilikuwa na kompyuta moja tu. Hata hivyo, wanafunzi wake walibuni chombo cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu, wakashinda katika maonyesho ya sayansi ya kitaifa mwaka wa 2018. Machi 2019, mwalimu huyo alituzwa huko Dubai kuwa mwalimu bora duniani, akapewa dola milioni 1. Hii inaonyesha kwamba uhaba wa vifaa si sababu ya kuziacha sayansi.

Mimi sijawa hodari. Muhula uliopita nilipata C. Lakini siku hizi kitu kikiharibika, siulizi kwanza, "Kipya ni pesa ngapi?" Nauliza, "Kimeharibika kwa nini?" Nadhani hilo ndilo mwalimu wetu alitaka tujifunze.

Ndugu zangu, msichague masomo kwa kuogopa maneno ya watu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

ZOEZI: Tochi ya betri tatu imewekwa betri moja kinyume. Je, imebaki na volti ngapi? (Jibu: 1.5. Kama ulisema 3, rudi usome tena!)