Tazama Pale Tambuu Inapokaa

Kwa mla tambuu, saratani ya kinywa mara nyingi huanzia pale pale anapoiweka: shavu lile lile, kati ya ufizi na nyama ya ndani. Kwa anayebwia ugoro, huanzia nyuma ya mdomo, unapokaa ugoro wenyewe.

Unguja, Mombasa na Lamu, tambuu ni heshima. Mgeni hukaribishwa nayo, na bibi akifungua kijaluba chake hamnyimi jirani. Ndiyo maana ni vigumu kuikataa, na ndiyo maana lazima tuseme wazi: hatari haiko kwenye tumbaku peke yake. Mwaka 2004 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulichapisha uamuzi kwamba popoo yenyewe, ile kokwa inayotafunwa ndani ya tambuu, hata bila tumbaku, husababisha saratani. Basi zile pakiti za popoo tamu wanazonunuliwa watoto dukani si peremende. Usimtume mtoto kuzinunua, wala usimwonjeshe.

Popoo hukaza nyama za shavu kidogo kidogo. Zinapauka, zinakakamaa, pilipili kidogo tu inaunguza, na kinywa kinaanza kugoma kufunguka. Jipime: panga vidole vyako vitatu kwa kusimama, uviingize kati ya meno ya juu na ya chini. Kwa kawaida mtu mzima huvipitisha. Visipopita, au vikiwa vilipita mwaka jana na sasa haviingii, nenda kwa daktari wa meno. Mkazo huo ukishaingia haufutiki wote, na unaweza kugeuka saratani. Kuacha mapema hupunguza hatari.

Kuberi na ugoro ni tumbaku, hata kama havitoi moshi. Kijana anayeweka kuberi mdomoni ili asisinzie usiku anailaza sumu juu ya ngozi laini kwa saa nzima.

Sigara na pombe vikikutana, madhara yake huzidi jumla ya kila kimoja peke yake, kwa kuwa pombe huilegeza ngozi ya kinywa na kuzifungulia njia sumu za moshi. Bia, gongo, chang'aa au pombe ya chupa ya bei kubwa: kilevi ni kile kile. Habari njema ni kwamba mvutaji akiacha, hatari ya saratani ya kinywa hushuka kwa nusu hivi ndani ya miaka 5 hadi 10.

Yapo na mengine. Jua kali huunguza midomo, hasa ya ndugu zetu wenye ualbino, nao wanahitaji kofia pana na mafuta ya kujikinga. Uhaba wa matunda na mboga nao huongeza hatari.

Mara moja kwa mwezi simama mwangani na kioo. Vuta mashavu, inua ulimi, tazama pembeni na chini yake. Unatafuta doa jeupe au jekundu lisilofutika, uvimbe, ganzi, jino linalolegea bila sababu, au kidonda ambacho hakijapona baada ya wiki 2. Usingoje maumivu, mwanzoni mara nyingi hayapo. Wengi husukutua maji ya chumvi kwa miezi, au hung'oa jino wakidhani ndilo tatizo. Ukifika hospitali mwambie daktari unatumia nini, tangu lini na unaweka upande gani. Akitaka kukata kinyama kidogo kwenda kupimwa, kubali: kukata huko hakusambazi ugonjwa.