Kwa Nini Sauti Moja Hunaswa kwa Namna Mbili

Mwimbaji mmoja akisimama mbele ya maikrofoni mbili zilizowekwa sako kwa bako, akaimba ubeti mmoja tu, kisha rekodi hizo mbili zikachezwa mbele ya watu ambao hawakumwona akiimba, wengi wao watadhani wamesikia waimbaji wawili. Katika rekodi ya kwanza sauti ni nzito na ya karibu, kana kwamba inanong'onezwa sikioni. Katika ya pili ni nyepesi na kali, na kila herufi "s" inachoma. Koo ni lile lile, chumba ni kile kile, wimbo ni ule ule. Kilichobadilika ni kijichombo kidogo kilichofichwa ndani ya wavu wa maikrofoni, ambacho mafundi hukiita kapsuli.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Waimbaji na watangazaji huchaguliwa kwa kusikilizwa rekodi zao. Mtaalamu wa lugha naye hupima irabu na konsonanti za wazungumzaji kutokana na rekodi. Ikiwa watu wa Unguja wamenaswa kwa maikrofoni ya aina moja na wale wa Mombasa kwa ya aina nyingine, anaweza kuandika kwamba amegundua tofauti ya lahaja, kumbe amegundua tofauti ya kapsuli. Yafaa basi kujua ni sehemu gani ya sauti iliyonaswa itokayo kwa mtu, na ni ipi itokayo kwa chombo.

Neno maikrofoni linatumika hapa kwa makusudi. Watu wengi husema "kipaza sauti", lakini jina hilo hutumika pia kwa spika, na maikrofoni yenyewe haipazi chochote: kazi yake ni kuigeuza sauti kuwa umeme.

KAPASITA ISIKIAYO

Kapasita ni mabamba mawili ya metali yatazamanayo bila kugusana, yawezayo kuhifadhi chaji ya umeme. Kadiri mabamba yanavyokaribiana, ndivyo uwezo wake wa kuhifadhi chaji unavyoongezeka. Katika maikrofoni ya kapasita, bamba moja ni utando wa plastiki wenye unene wa mikromita chache tu, uliopakwa tabaka jembamba mno la dhahabu ili upitishe umeme. Bamba la pili ni kipande kinene cha metali kisichotikisika, kilichotobolewa matundu mengi. Mhandisi wa Marekani, E. C. Wente, aliyefanya kazi katika maabara za Western Electric, ndiye aliyeunda maikrofoni ya namna hiyo mwaka 1916 na kuieleza katika jarida la fizikia mwaka uliofuata.

Tuchukue utando wa duara wenye kipenyo cha milimita 25, ulio mbali na bamba kwa mikromita 50. Mwanafunzi akitumia kanuni ya kapasita atapata karibu pikofaradi 87, kiasi kidogo sana. Kapasita hiyo ikipewa volti 60 kupitia kizuizi chenye ukinzani mkubwa mno, chaji yake haipati nafasi ya kukimbia huku na huko wakati utando unapotikisika. Na kwa kuwa chaji haibadiliki, badiliko la umbali huwa badiliko la volti. Utando ukisogea nanomita 10, yaani sehemu moja kati ya 5,000 za ule umbali, volti nazo hubadilika kwa sehemu moja kati ya 5,000: milivolti 12. Umeme huo unatosha kabisa kukuzwa na valvu au transista.

Kufikia hapa hakuna kitu chenye upendeleo. Upendeleo huanza pale inapoulizwa: ni nini hasa kinachousukuma utando?

NYUMA YA UTANDO

Kapsuli hugawanyika katika makundi mawili makubwa, na mpaka kati yake uko nyuma, si mbele.

Katika kundi la kwanza, nyuma ya utando pamefungwa, isipokuwa kijitundu chembamba kinachosawazisha hewa ya ndani na ya nje. Utando huo huhisi kanieneo ya hewa ilivyo mahali pale, na kanieneo haina mwelekeo. Kwa hiyo maikrofoni hiyo husikia mbele, nyuma na kando karibu sawasawa. Utando wake hukazwa sana, mfano wa ngozi ya ngoma iliyootwa moto, ili mlio wake wa asili uwe juu na usiingilie kati ya sauti ya mtu.

Katika kundi la pili, nyuma pako wazi. Sauti huufikia utando kutoka mbele, kisha huzunguka na kuufikia tena kutoka nyuma ikiwa imechelewa kidogo. Kinachousukuma utando sasa ni tofauti kati ya pande mbili. Kwa kupanga vizuri njia za nyuma, mhandisi anaweza kuifanya sauti itokayo nyuma ijifute yenyewe, na ramani ya usikivu wa maikrofoni ikapata umbo la moyo. Studio nyingi hupenda umbo hilo kwa sababu hunasa mwimbaji na kuacha kelele za chumba.

Lakini faida hiyo ina gharama yake, na gharama hulipwa katika sauti nzito. Tuseme njia ya kuzunguka ina urefu wa sentimita 2. Kwa sauti ya hezi 100, ambayo iko karibu na msingi wa sauti ya mwanamume azungumzaye, urefu wa wimbi ni karibu mita 3.4, sentimita 2 ni kipande kidogo mno cha wimbi hilo. Mwimbaji akiwa mbali kwa mita 1, tofauti ya kanieneo kati ya mbele na nyuma ni karibu asilimia 4 tu. Sasa na asogee mpaka sentimita 5. Kanieneo ya sauti hupungua kadiri umbali kutoka mdomoni unavyoongezeka: mbele ya utando umbali ni 5, nyuma ni 7. Tofauti inaruka hadi asilimia 29, yaani karibu mara 7. Kwa sauti za juu, kama za hezi 5,000, hakuna ongezeko kubwa la namna hiyo, kwa kuwa wimbi lenyewe ni fupi na tofauti tayari ilikuwa kubwa. Katika kapsuli yenye umbo la moyo ongezeko ni dogo kidogo kuliko katika ile inayosikia tofauti peke yake, lakini bado sikio hulitambua mara moja. Hivyo ndivyo sauti ya kawaida inavyovaa uzito usio wake. Watangazaji wa usiku wanalijua jambo hili vema, hata kama hawajapata kulipigia hesabu.

Kapsuli iliyo wazi nyuma ina udhaifu mwingine: huogopa pumzi. Konsonanti "p" na "b" hutoa mkupuo wa hewa ambao huupiga utando upande mmoja tu. Kwa msemaji wa Kimvita, ambaye hutofautisha "paa" la nyumba na "p'aa" wa mwituni kwa pumzi hiyo hiyo, maikrofoni iliyo karibu mno yaweza kuifanya kila "p" ionekane kuwa na pumzi.

Tena, matundu ya bamba la nyuma si pambo. Hewa iliyobanwa kati ya utando na bamba hulazimika kupenya ndani yake, na msuguano wake ndio breki ya utando. Idadi ya matundu, upana wake na kina chake huamua ni sauti zipi zitakazozuiwa na zipi zitakazoachiwa. Kwa hakika mtunzi wa kapsuli huandika tabia yake kwa keekee ya kutobolea.

KAPSULI TATU ZA BERLIN NA VIENNA

Katika miaka ya 1930 wahandisi wa redio ya Ujerumani, von Braunmühl na Weber, waliweka tando mbili, mmoja kila upande wa bamba moja lililotobolewa. Kapsuli M7 iliyotengenezwa na Georg Neumann huko Berlin ilifuata mpango huo. Mwaka 1949 ikaingia katika maikrofoni U 47, ambayo sifa yake ilienea duniani kwa sauti za waimbaji. Utando wake ulikuwa wa plastiki ya PVC, nao uliunganishwa na waya kwa skrubu katikati. Sauti yake husifiwa kuwa nene na yenye kusogea mbele. Ila PVC huzeeka: baada ya miaka mingi hukakamaa, na kapsuli hubadilika. Mtu anunuaye U 47 ya zamani ili apate "sauti ile ile" huenda akapata kapsuli isiyokuwa ile tena. Baadaye PVC iliachwa na nafasi yake ikashikwa na poliesta.

Huko Vienna, kampuni ya AKG ilitoa maikrofoni C 12 mwaka 1953. Kapsuli yake, CK12, haina skrubu katikati. Umeme huchukuliwa pembeni, na kitovu cha utando huachwa huru. Wasikilizaji huisifu kwa wepesi wa sauti zake za juu kabisa, pale pumzi ya mwimbaji inapochanganyika na neno.

Ya tatu ndiyo yenye kisa. Mwaka 1960 Neumann ilitoa maikrofoni U 67 yenye kapsuli K67. Kapsuli hiyo, ikipimwa peke yake, huinua sauti za juu kwa desibeli kadhaa karibu na hezi 10,000. Hilo halikuwa kosa. Saketi ya valvu iliyofuata iliundwa kuzishusha sauti hizo kwa kadiri ile ile, na katika kuzishusha ikapunguza pia mvumo wa saketi yenyewe. Kapsuli na saketi vilikuwa nusu mbili za jambo moja.

Leo maikrofoni nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani hubeba kapsuli iliyoigwa kutoka K67, lakini saketi zake hazishushi chochote. Waigaji wamechukua nusu moja. Matokeo yake ni ukali usiotoka kwa mwimbaji. Nguvu kubwa ya "s" huwa katika eneo la hezi 5,000 na kuendelea, na ile ya "sh" huanza chini zaidi. Maikrofoni hiyo huipa "s" nguvu ya ziada, ikatenganisha "suka" na "shuka" kuliko mdomo ulivyozitenganisha. Mwimbaji huambiwa kwamba sauti yake ina makali, naye huanza kuibana mbele ya maikrofoni, jambo ambalo ni baya kuliko makali yenyewe.

UKUBWA WA UTANDO

Wimbi la hezi 10,000 lina urefu wa milimita 34 hivi, nao haupishani sana na kipenyo cha utando mkubwa. Sauti ikija moja kwa moja kutoka mbele, hugonga kapsuli na kurudi, na kanieneo mbele yake huongezeka, hata kukaribia maradufu. Ikija kutoka kando, kilele cha wimbi huwa upande mmoja wa utando na bonde upande wa pili, vikajifuta. Kwa sababu hiyo, mwimbaji ageuzaye kichwa mbele ya kapsuli kubwa husikika akififia sauti za juu. Utando wa milimita 12 hauna taabu kubwa ya namna hiyo na husema kweli zaidi juu ya chumba. Ubaya wake ni kwamba una mvumo mkubwa zaidi.

HEWA YA PWANI

Kile kizuizi chenye ukinzani mkubwa kilichotajwa hapo mwanzo lazima kizidi megaohmu 90 ili sauti za hezi 20 zisipotee, na kwa kawaida hutumika mamia ya megaohmu. Unyevu ukitanda juu ya kihami cha kapsuli, hufungua njia nyingine kwa chaji, na maikrofoni huanza kukwaruza na kudhoofika. Tanga, Mombasa na Unguja si mahali pa kuiacha kapsuli ya kapasita juu ya stendi usiku kucha. Sanduku lenye kifuniko kinachobana na kifuko cha chembe za silika latosha.

JARIBIO LA DARASANI

Shule haihitaji maikrofoni ya Berlin. Maikrofoni ya kawaida ya mikutano, hata ikiwa ya koili na sumaku, mara nyingi huwa wazi nyuma, na hesabu ya sentimita 5 na 7 haijali kama ndani mna koili au kapasita. Simu ya mkononi kwa upande wake hubeba kapsuli ndogo ya kapasita iliyochongwa katika silikoni, ambayo kwa kawaida hufungwa nyuma.

Mwanafunzi mmoja na asome sentensi moja kwa maikrofoni ya mikutano akiwa umbali wa sentimita 50, kisha sentimita 5, huku sauti yake ikiwa ile ile, na mwenzake apunguze ukuzaji ili rekodi mbili ziwe na nguvu sawa. Jaribio lirudiwe kwa simu, baada ya kuzima programu yoyote inayosawazisha sauti. Katika maikrofoni ya kwanza uzito utaongezeka waziwazi. Katika simu hautaongezeka hivyo. Mwishowe msomaji aikumbatie kwa kiganja sehemu ya nyuma ya wavu wa ile maikrofoni ya mikutano, kama wafanyavyo baadhi ya waimbaji jukwaani, na spika iwe imewashwa kwa sauti ya chini. Njia za nyuma zikizibwa, maikrofoni huhama kundi la pili na kukaribia la kwanza. Itaanza kusikia pande zote, ikiwemo spika yenyewe, na mlio wa kupiga yowe utakaofuata utalifahamisha darasa zima kwamba nyuma pamefungwa.