Petroli ya Njia ya Shamba



Somo la safari hii halihusu mkarafuu wenyewe, bali gari linalotufikisha penye mkarafuu. Wengi wetu twakaa mjini na mashamba yako mbali, na msimu wa kuchuma ukifika gari hutoka kila asubuhi na kurudi kila jioni. Petroli yote ya visiwa hivi huja kwa meli, na fedha ya kuinunulia hutoka katika bei ile ile ya karafuu zetu. Pishi ya mchumaji twaipima sawasawa mbele ya mashahidi, petroli hatuipimi.

Basi kwanza na tuipime. Jaza tangi mpaka lijae, uandike hesabu ya kilomita iliyo mbele ya dereva. Endesha juma zima, kisha jaza tena mpaka pale pale. Ikiwa umekwenda kilomita 240 na tangi limepokea lita 24, gari lako lakwenda kilomita 10 kwa lita. Iandike katika daftari la shamba. Asiye na hesabu hiyo hatajua kama yaliyobaki katika somo hili yamemfaa au hayakumfaa.

Hasara kubwa kuliko zote imo katika mguu wa dereva. Yuko akanyagaye mafuta kwa nguvu kila atokapo kwenye kona, kisha akafunga breki ghafula aonapo ng'ombe. Mwendo alioununua kwa petroli umegeuka joto la breki, basi. Afadhali kutazama mbali, kuondoa mguu mapema, na kuliacha gari lipungue mwendo lenyewe. Barabara ya Chake Chake kwenda Mkoani, kwa vilima na kona zake, ni shule nzuri ya jambo hili.

Kwenye mteremko wako watiao gari nyutro wakidhani wanaweka akiba. Kwa magari ya siku hizi, ambayo petroli yake huongozwa na kompyuta, mambo ni kinyume. Gari likiwa katika gia na mguu haupo kwenye mafuta, petroli hukatwa kabisa. Likiwa nyutro, injini lazima ilishwe ili isizimike. Tena gari la nyutro halizuiliwi na injini, mzigo wote huwa juu ya breki, na breki iliyopata moto sana hukataa kushika. Desturi hii tungeikataza hata kama ingeokoa petroli.

Sasa mzigo. Karafuu mbichi ikikauka hubaki kama theluthi ya uzito wake. Mwenye kupakia kilo 300 mbichi mpaka mjini amechukua kilo 200 hivi za maji, ambayo jua litayanywa uani kwake. Twajua kwa nini watu huanika nyumbani: wezi, na mvua ya ghafula. Lakini mwenye uwanja na mlinzi wa kuaminika huko huko shambani na afikiri. Ngazi, majamvi mabovu na vyuma vinavyolala garini msimu mzima viteremshwe. Keria ya juu nayo ifunguliwe, maana hukamata upepo hata ikiwa tupu.

Mipira ipimwe upepo kila juma, asubuhi ingali baridi, kwa kipimo kilichoandikwa penye mlango wa dereva. Mpira mlegevu huilemea injini, na wenyewe huliwa kingo.

Na kwenye foleni ya kuuza karafuu, zima gari. Gari dogo linalounguruma limesimama laweza kula nusu lita, hata lita nzima, kwa saa. Ukijua utasimama zaidi ya dakika moja, kuwasha tena hakuna hasara, isipokuwa kama betri yako ni ile ya kusukumwa na watoto.

Wenye mashamba jirani wanaweza pia kwenda kwa gari moja, leo la huyu, kesho la yule. Mwanachama atakayeandika hesabu zake za kilomita na lita msimu mzima na atuletee, tuzichape hapa wengine wazione.