USUKANI UNAOCHEZA

Gari la zamani la kijiji hubeba mahindi, hubeba na wagonjwa. Usukani wake ukilegea, sote tumo hatarini. Tuukague hivi.

Lisimamishe gari mahali tambarare. Zima injini, weka mawe kwenye magurudumu ya nyuma. Magurudumu ya mbele yawe yamenyooka. Mmoja wetu auzungushe usukani polepole, kushoto na kulia. Ukingo wake ukienda zaidi ya sentimeta 5 kabla ya magurudumu kugeuka, gari hilo lisitembee.

Sasa mwingine achungulie chini huku usukani unatikiswa. Atazame viungo vya vyuma vinavyokwenda kwenye magurudumu. Mafundi huviita tairodi endi. Kinachochezacheza kimekwisha. Tusikifunge kwa waya, kibadilishwe.

Viungo vikiwa vizima, tutazame sanduku la usukani. Boliti zinazolishika kwenye chesisi zikazwe. Kisha fundi akaze skrubu yake kidogo kidogo, akipima kila mara. Ikikazwa mno, usukani huwa mgumu, haurudi wenyewe baada ya kona, na meno ya ndani husagika.

Swali la kujadiliana: Kwa nini tusianze na skrubu?