Jioni ya Istanbul na Watoto: Kiongozi wa Safari Anajibu

Likizo imekaribia na barua zimejaa mezani. Za viza na uzito wa mabegi nimeziweka kando, ubalozi na shirika la ndege wana majibu yake. Nimechagua zinazoninyima usingizi.

Mume wangu anataka tukae hotelini jioni mbili za mwanzo ili watoto wazoee saa za Uturuki. Jirani kanishauri niwape dawa ya mafua inayoleta usingizi. Niwape kiasi gani? (Mama, Tanga)

Usiwape hata tone. Dawa ya mafua ni ya mafua. Mtoto mdogo akipewa dawa za namna hiyo anaweza kupata shida ya kupumua, na jirani hatakuwepo Istanbul kukusaidia kutafuta hospitali.

Halafu, saa zipi hizo za kuzoea? Kila mwaka narudia hili na kila mwaka halisikiki. Tangu 2016 Uturuki imeacha kubadilisha saa kwa majira. Mwaka mzima iko saa 3 mbele ya Greenwich. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko vivyo hivyo. Ukitua Istanbul, saa yako ya mkononi usiiguse.

Kinachowachanganya watoto ni jua. Mwishoni mwa Juni, saa mbili na nusu usiku, Istanbul bado kweupe. Jua huzama kama dakika kumi baadaye. Tanga wakati huo watu wameshaswali Isha. Sababu ni mbili. Kwanza, Istanbul iko magharibi ya Tanga kwa nyuzi kama 10, na kila uzi mmoja ni dakika 4, kwa hiyo jua linachelewa dakika 40 hivi kabla hujahesabu kingine chochote. Pili, mji huo uko mbali kaskazini mwa ikweta, na mchana wake wa Juni hufika saa 15. Desemba mambo hugeuka: jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na baridi inauma.

Kwa hiyo fanyeni kama wenyeji. Watoto walale mchana, jua kali likiwaka, kisha mtoke saa kumi na moja. Usiku mtawakuta watoto wa Kituruki wakicheza viwanjani na bibi zao wakiwatazama. Hakuna atakayewashangaa.

Chakula cha usiku ndani ya boti ya mlango-bahari wa Bosphorus kinafaa kwa familia? (Barua za Arusha, Mombasa na Nakuru nimeziunganisha)

Kwa maharusi, labda. Kwa familia ni saa kadhaa za muziki wa kupasua masikio, na mtoto akianza kulia hamna pa kushukia. Mnaoniandikia kwamba mmeambiwa Bosphorus haionekani vizuri bila tiketi hiyo, aliyewaambia ndiye anayeiuza.

Nendeni gati la Eminönü, mnunue kadi ya usafiri iitwayo Istanbulkart kwenye mashine, mpande kivuko cha kawaida cha kwenda Üsküdar. Ni mwendo wa dakika 20 hivi, kutoka Ulaya hadi Asia, pamoja na watu wanaotoka kazini. Nunueni simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, watoto wawarushie shakwe vipande. Mkishuka, tembeeni ufukweni hadi mkabala na Kız Kulesi, mnara ulio majini, mkae na chai. Jua linazama upande wa pili, nyuma ya makuba ya mji wa kale. Nauli ya kivuko hailingani hata na soda moja ya kwenye ile boti.

Mtu mchangamfu akitusalimia "Jambo" pale mtaa wa Sultanahmet na kutaka kutuonyesha njia, tumfuate?

Hapana.

Na mng'arisha viatu aliyeangusha brashi yake mbele yetu?

Ameiangusha makusudi. Ukimwokotea atakusafishia kiatu "kwa shukrani", kisha atadai pesa. Pita zako. Na akina baba mnaonyemelea mtaa wa Taksim watoto wakishalala: rafiki mpya anayekualika kinywaji kimoja ana fungu lake katika bili utakayoletewa.

Tuje na kigari cha mtoto?

Mji una vilima, ngazi na mawe. Bebeni kwa kanga.

Watoto hufukuzwa misikitini jioni?

Uvumi. Waislamu, ingieni mswali na watoto wenu. Wasio Waislamu wasubiri nje wakati wa sala, kisha waingie wamejisitiri. Mimi nawapeleka watu msikiti wa Süleymaniye, kazi ya msanifu majengo Sinan iliyokamilika 1557, kwa sababu ukiwa uani kwake unaiona ghuba ya Pembe ya Dhahabu yote chini yako, na watoto wana nafasi ya kukimbia.

Tukikosa kivuko cha mwisho cha kurudi?

Ratiba hubandikwa gatini. Isomeni kabla ya kuagiza chai. Mkikosa, karibu na gati la Üsküdar kuna kituo cha Marmaray, treni inayopita chini ya bahari tangu 2013. Kituo kinachofuata ni Sirkeci, jirani na Eminönü, na kadi ni ileile.