Dondoo muhimu: Kabla ya kuongeza diski kwenye seva ya nyumbani

Seva ikijaa, wengi hukimbilia kuongeza diski. Hesabu inashauri vinginevyo. Diski 8 za terabaiti 4 kwa mpango wa RAID 5, unaotenga ujazo wa diski moja kwa ulinzi, zinakupa terabaiti 28. Diski 3 tu za terabaiti 16, kwa mpango huohuo, zinakupa 32. Kisha kuna umeme: diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta takriban ampea 2 kwenye laini ya volti 12, kwa hiyo nane zikiamka pamoja zinadai karibu wati 200 kwa mkupuo. Pawa saplai hafifu, tena yenye waya zilizogawanywa kwa viunganishi vya bei chee, hukwama hapo (na plastiki kuyeyuka si hadithi).

Utasema diski kubwa ni ghali, na ikifa, kujenga upya data kwenye mbadala wake huweza kumaliza siku nzima. Ni kweli, lakini diski nyingi nazo zina nafasi nyingi za kuharibika. Kama huna budi kuongeza, mfumo wa faili wa OpenZFS tangu toleo la 2.3, la Januari 2025, unaruhusu kupanua RAIDZ (mpango wake unaofanana na RAID 5) kwa diski moja moja. Nakili data nje kwanza, maana RAID haikurudishii faili ulilolifuta mwenyewe.